Shaka ya Mkulima na Tawakali ya Mtu wa Mjini

Bismillahi Rahmani Rahim.

Twamhimidi Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na twamuombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, liko neno linalosemwa sana katika baraza zetu za mjini, na kila alisemaye huliona kuwa ni neno lililokwisha, halina haja ya kutazamwa tena. Husemwa kwamba wakulima wetu wa pwani hawaendelei kwa kuwa hawapendi jambo jipya. Wameletewa mbegu bora, wakazitia kando. Wameambiwa habari ya mbolea, wakaiacha dukani. Wameonyeshwa njia za kumwagilia maji, wakarejea katika desturi ya wazee wao. Kisha wasemao hugawanyika mafungu matatu. Fungu moja husema sababu yake ni ujinga. Fungu la pili husema ni uvivu. Na fungu la tatu, nao ni wale waliosoma kidogo, husema ni udhaifu wa imani, kwani mwenye kumtegemea Mungu haogopi kupata hasara.

Nasi twataka leo kulipima neno hili kwa mizani ya akili na kwa mizani ya sharia. Twaona ndani yake mna dhulma, na dhulma hiyo yatuhusu sisi watu wa mjini zaidi ya inavyomhusu mtu wa shamba. Sisi ndio tulao mahindi yake na muhogo wake. Wengi wetu tuna mashamba ya urithi yanayolimwa kwa mikono ya wengine. Sisi ndio tununuao maembe na nazi, na sisi ndio tukopeshao wakati wa dhiki. Basi haifai tumhukumu mtu, hali ya kuwa sisi wenyewe tumo katika kesi yake.

Kwanza tujue shaka ni kitu gani. Kuna jambo ambalo mtu hajui litakwishaje, lakini ajua kadiri ya hatari yake. Na kuna jambo ambalo hajui litakwishaje, wala hiyo kadiri yenyewe haijui. Nahodha aliyezoea bahari yake ajua kusi likivuma kwa nguvu ni mara ngapi hupasua tanga. Huondoka au hukaa kwa hesabu. Lakini mtie katika bahari asiyopata kuisafiri, umwambie tu kwamba huko kuna faida kubwa, na umuone atakavyosita. Kusita kwake si woga wa bahari. Ni kwamba amenyang'anywa hesabu yake.

Mwaka 1961 mtaalamu mmoja wa Marekani, Daniel Ellsberg, alilitolea jambo hili mfano. Fikirini vyungu viwili, kila kimoja kina shanga 100. Cha kwanza kinajulikana kuwa kina nyekundu 50 na nyeusi 50. Cha pili kina nyekundu na nyeusi, lakini hesabu ya kila rangi haijulikani. Mtu aambiwe achague chungu, atie mkono bila ya kutazama, na akitoa ushanga mwekundu apewe tuzo. Watu wengi huchagua chungu cha kwanza. Kisha waambiwe kwamba sasa tuzo ni kwa ushanga mweusi. Nao huchagua kile kile cha kwanza. Lau wangaliamini kwamba chungu cha pili kina nyekundu chache, wangalikikimbilia ilipotakiwa nyeusi. Basi wanachokikimbia si uchache wa rangi, bali ni ule upofu wa kutojua. Na hawa si wajinga, kwani hata mabingwa wa elimu hiyo walipoulizwa walichagua vivyo hivyo.

Sasa tumtazame mkulima wa Kaloleni au wa Kinango. Mahindi yake ya asili, kama mdzihana, ndiyo chungu chake cha kwanza. Ameyaona tangu utoto. Ajua mvua ya mwaka ikichelewa yatakuwaje, na ikikatika mapema yatakuwaje. Ajua kwamba ganda lake limefunga vizuri, na kwamba kwa sababu hiyo fukusi huyashambulia kwa uzito yakiwa darini. Ajua pia kwamba mavuno yake si makubwa. Yote hayo ni hesabu aliyoirithi.

Mbegu mpya ni chungu cha pili. Katika kituo cha utafiti cha Mtwapa wataalamu wamefanya kazi njema ya kutafuta mbegu zinazoiweza hewa ya pwani. Mwaka 1974 ilitolewa mbegu iitwayo Coast Composite, na mwaka 1989 ikatolewa Pwani Hybrid 1. Sisi hatuitilii shaka kazi yao. Lakini mkulima aionapo mbegu ngeni kwa mara ya kwanza, huwa na maswali ambayo aghlabu hakuna amjibuye. Mvua ikikatika wiki tatu, itastahimili? Ghalani itakaa miezi mingapi? Mbolea nikiinunua kisha mvua isije, fedha yangu itarudi? Na mbegu ya mchanganyiko haifai kuwekwa akiba na kupandwa tena, kwani mavuno hupungua. Yataka kununuliwa upya kila mwaka. Basi kila mwaka mkulima atoa fedha mkononi kabla ya kuona wingu.

Wala tusidhani kwamba kusita huku ni tabia ya watu wetu peke yao. Mahindi ya mchanganyiko yalipoanza kuuzwa Marekani, katika jimbo la Iowa, wakulima hawakuyapokea kwa siku moja. Wataalamu wawili, Ryan na Gross, walieleza mwaka 1943 habari za wakulima 259 wa huko. Kati ya mwaka 1928 na mwaka 1941 wote waliikubali mbegu hiyo isipokuwa wawili. Lakini miaka mingi ilipita baina ya kusikia habari yake na kuipanda, na hata aliyeipanda alianza kwa kipande kidogo cha shamba, akaongeza mwaka baada ya mwaka. Hao walikuwa na mashamba makubwa, na njia njema, na magazeti ya ukulima majumbani mwao. Ikiwa wao walisita, vipi tunamlaumu mwenye ekari mbili?

Tena hasara si moja kwa watu wote, ijapokuwa hesabu yake kwa fedha ni moja. Mwenye duka akipoteza gunia kumi, hupunguza faida ya mwaka ule. Mkulima maskini akipoteza gunia kumi, hupoteza chakula cha watoto wake kutoka mwezi huu hata mvua ya vuli. Atauza mbuzi, atakata mnazi uliokuwa ukimpa nazi, atamtoa mtoto chuoni, au ataingia katika deni lisilokwisha. Kwa hivyo yeye haulizi, "Katika mwaka mwema nitapata ngapi?" Huuliza, "Katika mwaka mbaya nitabakiwa na nini?" Na swali hili ni la mwenye akili. Ndiyo sababu hupanda mahindi pamoja na kunde, na kando yake akaweka muhogo, na nyuma ya nyumba minazi na mikorosho. Sisi tupitapo njiani twasema shamba lake halina mpango. Huo ndio mpango wenyewe, kwamba kimoja kikifa, kingine kisalie.

Na shaka yake si ya mvua peke yake. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, wakulima wa miwa wa Kwale walibaki bila ya mnunuzi wao. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilianza kazi katika miaka ya 1970, watu wakaitunza mikorosho kwa matumaini, kisha kabla ya mwaka 2000 kikafungwa. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake, akija mjumbe na jambo jipya akamwambia, "Panda hiki, utatajirika," je, ni ujinga akiuliza, "Na atakayenunua ni nani, na kwa muda gani?"

Hata hivyo, ndugu zangu, hatusemi kwamba kila woga ni hekima. Iko shaka imfanyayo mtu atafute, na iko shaka imfanyayo alale. Ya kwanza ni mlango wa elimu, na ya pili ni ugonjwa.

Wazee wetu hawakuwa watu wa kukataa mapya. Mahindi na muhogo, tuvionavyo leo kuwa ndivyo chakula chetu cha asili, asili yake ni bara la Marekani. Vilifika pwani hii baada ya Wareno kuanza safari zao za bahari mwisho wa karne ya 15. Alikuwako basi mkulima wa kwanza wa pwani aliyeuchukua mti wa muhogo asioujua akauchomeka katika mchanga wake. Na karafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku, ililetwa Unguja mwanzo wa karne ya 19, na kwa amri na hima ya Sayyid Said bin Sultan ikajaa visiwani. Mapya hayo yalileta mali. Lakini historia hiyo hiyo yatufundisha na upande wa pili. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 ilikuja tufani kubwa, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na baadaye ndiyo iliyokuwa shamba kubwa la karafuu. Waliokuwa wameweka mali yao yote katika mti mmoja na kisiwa kimoja walijua siku ile thamani ya muhogo. Basi wazee walipokea jipya, na waliodumu ni wale waliolipokea pasipo kulichoma moto la zamani.

Utafiti wa siku hizi umetuonyesha jambo jingine la ajabu. Mtaalamu Elaine Liu alieleza mwaka 2013 habari za wakulima 320 wa pamba katika Uchina, walioletewa pamba mpya yenye nguvu ndani yake ya kumuua funza wa vitumba. Wale waliokuwa wakiogopa zaidi hatari na hasara ndio waliochelewa kuipanda. Hili twalitazamia. Lakini mwaka 2014 wataalamu wengine walitoa habari za wakulima wa Marekani wa majimbo ya Minnesota na Wisconsin, nao waliona kinyume chake katika mahindi yenye nguvu kama ile ya kumzuia mdudu. Wale waliokuwa wakichukia zaidi mambo yasiyojulikana ndio waliotangulia kuyapanda. Kwa nini? Kwa kuwa kwao mdudu ndiye aliyekuwa chungu kisichojulikana. Hawakujua mwaka upi atakuja wala atakula kiasi gani. Mbegu mpya iliwaondolea shaka hiyo, kwa hivyo wale wenye shaka nyingi ndio walioipenda mapema.

Hapa pana fundisho kubwa. Woga wa mkulima si ukuta uliojengwa mbele ya kila kipya. Ni mlango wenye kitasa, na ufunguo wake ni swali hili: jambo hili jipya lamuongezea mkulima shaka, au lampunguzia? Likimpunguzia, na akalijua hivyo kwa yakini, woga wake mwenyewe utamsukuma kulipokea. Likimuongezea, hata likiwa na faida kubwa, atalikimbia, na pengine ana haki. Wala hatulitaji hili kwa kusifu mbegu fulani au kuikataa. Hilo ni la wataalamu wake. Twalitaja ili tujue kwamba mtu amwitaye mwenzake mjinga kabla ya kumuuliza anaogopa nini, yeye ndiye hajui.

Sasa tuje kwenye neno la wale wasemao kwamba ni udhaifu wa imani. Ndugu zangu, hakuna mtu anayeishi katika tawakali kama mkulima. Yeye huchukua chakula alichonacho mkononi, akakizika katika udongo, akangoja rehema ya Mola wake. Qur'ani Tukufu imetukumbusha katika Surat al-Waqia kwamba mwenye kuotesha ni Mungu, wala si mwenye kutia mbegu. Mkulima aijua maana ya aya hizo kwa mgongo wake, na sisi twaijua kwa ulimi.

Lakini tawakali si kuacha sababu. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mtu kama amuache ngamia wake huru na amtegemee Mungu, alimuelekeza amfunge kwanza kisha ategemee. Na Nabii Yusuf (a.s.), alipofunuliwa habari ya miaka saba ya neema na saba ya ukame, hakuwaambia watu wa Misri wakae wakingoja kadari. Aliwafundisha walime kwa bidii, wale kidogo, na nafaka waiache ndani ya mashuke yake iwe akiba. Basi akiba ni mwendo wa Mitume. Mkulima anayebakisha mbegu yake ya zamani katika pembe moja ya shamba, huku akiijaribu mpya katika pembe nyingine, hakuvunja imani, bali ameshika mwendo huo.

Na Sayyidna Umar (r.a.), mwaka wa 18 wa Hijra, alipokuwa njiani kwenda Sham na akapata habari ya tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubaida (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwamba anaikimbia kadari kwenda katika kadari, na akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, mmoja wa majani na mmoja mkavu. Popote atakapolisha ni kwa kadari ya Mungu. Lakini mwenye akili hulisha penye majani. Basi yule mkulima asemaye, "Sitaijaribu mbegu ya kustahimili ukame, kwani Mungu akitaka nipate nitapata," na ajue kwamba hiyo mbegu nayo ni katika kadari ya Mungu, na kuiacha bila ya kuitazama si tawakali.

Iko pia habari ya mitende ya Madina, na kila mpenda elimu aizingatie. Mtume (s.a.w.) aliwaona watu wakiichavusha mitende, akasema haoni kuwa jambo lile lina faida. Watu wakaliacha, na mavuno yakapungua. Alipoambiwa, aliwafahamisha kwamba ile ilikuwa dhana yake tu, na kwamba wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Tazameni adabu hii. Mbora wa viumbe hakuona haya kuipa nafasi elimu ya mwenye shamba katika shamba lake. Je, sisi tunaotoka mjini na karatasi mkononi twaona haya ya nini kumuuliza mzee wa shamba? Na je, mkulima naye, ikiwa mambo ya dunia hujulikana kwa kujaribu, akatae kujaribu kwa hoja gani?

Twaja sasa kwenye shina la maneno yetu. Dini yetu haikumwambia maskini avumilie shaka peke yake. Ilitia sheria ili mzigo wa lile lisilojulikana usitupwe juu ya kichwa kimoja. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kupevuka kwake, na akauliza, Mungu akiyazuia matunda hayo, mtu atahalalisha kwa nini kuitwaa mali ya nduguye. Alipowakuta watu wa Madina wakitoa fedha mbele kwa tende zitakazokuja, aliwaruhusu, lakini kwa sharti ya kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana. Pamoja na watu wa Khaibar alifanya ushirika wa nusu ya kitakachotoka katika mitende na mazao, kikiwa kingi au kichache. Na aliamrisha kwamba matunda yaliyouzwa yakipatwa na balaa, yaondolewe katika thamani. Wanazuoni wakakhitalifiana kama hilo ni lazima au ni ihsani, lakini hawakukhitalifiana kuwa ni jema. Hata katika zaka, mazao yaliyonyweshwa na mvua hutolewa sehemu ya kumi, na yaliyonyweshwa kwa taabu hutolewa nusu ya hiyo; yaani sharia yatazama gharama aliyoingia mkulima.

Haya, tujipime. Ni wangapi miongoni mwetu wanunuao miembe ingali maua, kwa thamani ndogo, kwa kuwa mwenye mti ana njaa? Ni wangapi watoao gunia moja wakati wa kupanda na kudai mawili wakati wa kuvuna, kisha wakaliita jambo hilo msaada? Hiyo ni riba, hata tukiipa jina zuri namna gani. Ni wangapi wenye mashamba wamwambiao mlimaji wao, "Tia mbolea, tumia mbegu mpya," mavuno yakizidi wakataka fungu lao, na mvua ikikatika wakamuachia yeye deni la duka? Mtu wa namna hiyo amemwambia mwenzake ategemee Mungu, na yeye ametegemea maandishi ya deni. Hiyo ndiyo tawakali ya mtu wa mjini: ni tawakali kwa mali ya mwengine.

Na huu si mzaha wa maneno. Imethibiti kwa majaribio kwamba hasara ikigawanywa, mkulima hubadilika. Katika kaskazi ya Ghana, nchi yenye Waislamu wengi, wataalamu waliwapa baadhi ya wakulima fedha, na wengine wakawapa bima ya mvua, kwamba mvua ikipungua watalipwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Kilichowafanya wakulima watie mali zaidi katika mashamba yao na wathubutu zaidi ni ile kinga ya hasara, kuliko fedha zenyewe. Watu wale wale, na udongo ule ule. Walipoondolewa hofu ya kuangamia, walifanya yale tuliyokuwa tukisema hawayataki.

Na hapa kwetu Kenya, katika Wajir, mwaka 2013 ilianzishwa takaful ya mifugo, iliyopangwa kwa kufuata sharia, watu wakichanga kusaidiana. Hali ya malisho hupimwa kwa picha zipigwazo kutoka angani, na malisho yakikauka kupita kiasi, waliochanga hulipwa. Mwaka 2014 wafugaji wa kwanza walilipwa. Twajua kwamba bima ya namna hii ina upungufu. Kipimo huweza kuonyesha wilaya imepata mvua, na shamba la mtu mmoja likawa kavu. Naye akiwa amelipa na asilipwe, shaka yake huwa mbili badala ya moja. Kwa hivyo jambo hili lataka ukweli mwingi na maelezo ya wazi. Lakini asili yake ni njema, nayo ni kusaidiana katika kheri kama tulivyoamrishwa.

Basi tufanye nini? Twatoa nasaha kwa kila mmoja mahali pake.

Wewe mkulima, usikatae kabla ya kujaribu, wala usitupe vya zamani kabla ya kuyakinisha vipya. Tenga pembe ndogo, kiasi ambacho kikifa chote nyumba yako haitalala njaa. Panda humo mbegu mpya kando ya ya zamani, katika udongo mmoja na kwa siku moja, na uandike ulichotia na ulichovuna. Kama huandiki, muite mwanao wa skuli akuandikie. Fanya hivyo kwa misimu kadhaa, kwani mwaka mmoja wa mvua njema hausemi kweli yote. Hapo chungu cha pili kitakuwa kimefunuliwa.

Wewe mfundishaji na mjumbe, sema faida na useme hasara. Sema mbegu hii hushindwa mahali gani na katika mvua gani. Ukificha aibu ya kitu ili kipokelewe, umeghushi, na tumekatazwa kughushi katika nafaka na katika maneno. Na mkulima aliyedanganywa mara moja hatasadiki hata ukweli utakapokuja.

Wewe mwenye shamba na mwenye mali, ukitaka jipya, ingia nalo. Gharama ya mbegu na mbolea iwe yako au yenu nyote wawili, na mavuno na hasara viwe vyenu nyote wawili. Twajua kuwa wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wana masharti yao katika mikataba ya kulimisha kwa sehemu ya mazao. Basi tuwaulize wenye elimu watupangie mkataba ulio halali, wala tusiyafanye masharti hayo kuwa kisingizio cha kurudi kwenye riba.

Na sisi jamaa wa misikiti na madarasa, tunaweza kufanya jambo lisilotaka mali nyingi. Kila mtaa uchange ghala ndogo ya mbegu na chakula, iwe amana, ambayo mkulima aliyejaribu akashindwa atapata humo kwa mkopo mwema usio na nyongeza. Na zaka zetu tukumbuke kwamba mafungu yake ni manane, na wenye kulemewa na madeni ni fungu moja katika hayo. Mkulima aliyeangushwa na ukame si mbali na mlango huo.

Tukiyafanya hayo, kisha mkulima akakataa, hapo ndipo tutakuwa na haki ya kumlaumu. Ama kabla ya hapo, lawama yetu ni kama ya mtu aliyesimama juu ya gati, mkavu, akimcheka aliye majini kwamba haogelei vizuri.

Ewe Mola, tunyeshee mvua yenye manufaa isiyo na madhara. Tujaalie elimu itakayoondoa shaka, na tawakali iliyo ya kweli, na utupe nyoyo zinazoshiriki katika hasara ya ndugu kama zinavyopenda kushiriki katika mavuno yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.